Mabunda ya Idd Kubwa

Jumatatu, 5 Januari 2026

Nimerudi saa saba. Sijala. Naandika kwanza.

Asubuhi nilifungua kasha. Nilitia udhu, nikasali rakaa mbili, kisha nikavunja lakiri za mabunda yote ishirini na matano, moja baada ya jingine, tangu la 2001 hadi la mwaka jana. Kila bunda tulilifunga sisi wawili, mimi na marehemu mke wangu Zuleha, siku ya Idd Kubwa baada ya swala. Karatasi ya kaki, uzi, lakiri, na tarehe juu yake kwa mwandiko wangu. Tulilitia nia ya Hija na hatukulifungua tena. Fedha iliyotiwa nia haiguswi, haikopwi, haibadilishwi. Hiyo ilikuwa kanuni ya nyumba hii.

Jumla 17,700,000. Gharama katika kikundi cha mahujaji cha Hatibu mwaka huu ni 17,400,000, na mwisho wa kulipa ni Jumamosi, tarehe 24. Miaka yote bei ilitukimbia kwa kuwa tulikuwa wawili. Sasa niko peke yangu, zinatosha. Niliwaza hivyo, kisha nikaona haya kwa kuwaza hivyo.

Ofisi ya Hatibu iko Barabara ya Tisa. Karani wake, Anjela, binti mwenye adabu, alianza kuhesabu. Mkono ukasimama.

"Babu, hizi zimekufa."

Nikamwambia kwamba noti haifi. Akamwita Hatibu. Hatibu akazigeuza mbili tatu, akaniangalia kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mwalimu, hizi noti za zamani zilitolewa kwenye mzunguko. Walitangaza mwaka jana. Mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa Aprili."

Mtu mmoja aliyekuwa kwenye benchi akasema, "Mzee katuletea makumbusho." Wengine wakacheka. Hatibu hakucheka. Afadhali angecheka.

Tulizitenga. Hai: 9,000,000. Zilizokufa: 8,700,000. Mabunda kumi ya kwanza yote, tangu 2001 hadi 2010. Ndani yake limo la 2009, kiinua mgongo changu, milioni sita, noti za elfu kumi zisizokunjwa hata mara moja. Zimekufa zikiwa safi kuliko zote.

Jumanne, 6 Januari 2026

Benki. Nilifika kabla hawajafungua mlango. Kijana wa dirishani alinipa shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho, akasema muda wa kubadilisha ulikuwa tangu tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili, 2025. Leo ni mwaka mmoja kamili tangu siku ile ya kwanza.

Nikamwuliza: na kama fedha yenyewe si yangu, ni amana ya Mwenyezi Mungu? Aliangalia foleni nyuma yangu.

Mimi sikulisikia tangazo. Miezi ile Zuleha alikuwa hajiwezi, nilikuwa nikishinda hospitali.

Jumatano, 7 Januari 2026

Homa. Sikwenda msikitini alfajiri. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Ijumaa, 9 Januari 2026

Nimefikiri kuliuza shamba la minazi la Maramba. Dalali ameliona, anataka kulichukua kwa bei ya kutupa, maana amejua nina haraka. Jana jioni nilimpigia simu binti yangu Khairat, aliyeko Muheza kwenye biashara yake ya machungwa, nimjulishe. Leo kabla ya swala ya Ijumaa alikwisha kufika hapa Makorora, viatu vina tope la sokoni.

"Shikamoo Baba. Usiuze shamba."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Hakukaa. Alisema mama yake alikuwa na fedha. Nikamwambia mama yake alikuwa akiuza vitumbua. Akasema ndiyo, hizo hizo. Akatoa karatasi zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Tangu 2012. Jina: Zuleha. Namba ya simu: ile ile niliyokuwa nikimpigia kila siku kumwuliza anataka nimletee nini kutoka sokoni.

Nikauliza fedha hizo mfuko unazifanyia nini. Khairat akasema nyingi zinakopeshwa Serikali kwa muda mfupi, nyingine zinawekwa benki.

"Kwa riba?"

Akaziangalia karatasi. "Kwa faida, Baba."

"Nimekuuliza kwa riba?"

"Ndiyo."

Nilimwambia azitoe karatasi zile sebuleni. Akazitoa. Akasimama nazo ukumbini, akasema kutoka huko: "Zipo milioni ishirini na mbili."

Ishirini na mbili!

Miaka arobaini na minne nilikula na mwanamke yule sinia moja. Khairat ndiye msimamizi wa mirathi. Barua ya Mahakama ya Mwanzo aliipata tangu Novemba. Fomu ya kumridhia niliisaini nikidhani ni kwa ajili ya cherehani na kile kiwanja kidogo cha Muheza. Mimi, ambaye nilikuwa nikiwafundisha watoto wasome karatasi yote kabla ya kuandika jina.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Nimekwenda kwa Mwamvua, nyumba ya tatu kutoka hapa. Yeye na Zuleha walipika vitumbua pamoja miaka kumi na minane. Nikamwuliza kama alijua.

"Shemeji, ukija kuniuliza hivyo huku umekunja uso, nitasahau hata jina langu."

Nikakunjua uso kadiri nilivyoweza.

Alijua. Wote pale barazani walijua. Kila Ijumaa jioni Zuleha alitenga elfu ishirini, akazituma kwa simu, akacheka. Mwamvua anasema alikuwa akisema: "Bwana anazizika, mimi nazitembeza."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemwachia?"

Akanikatia kipande cha mkate wa kumimina, akasema nimekonda. Nimekula. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 13 Januari 2026

Khairat alinipeleka kwa mtu wa mfuko. Ana meza moja ndani ya ofisi ya bima, karibu na stendi. Nikaingia, mtu mnene mwenye miwani akainuka haraka kama aliyefumaniwa.

"Shikamoo Mwalimu! Mimi Alexander. Darasa la Saba, tisini na tisa."

Nilimkumbuka kwa mwandiko wake mbaya. Mtoto wa Kibondei kutoka njia ya Muheza, alikuwa akitembea kilomita sita kuja shule.

"Mwalimu, ulinichapa viboko vinne kwa hesabu ya riba. Mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Nikaishika. Ndiyo nakula nayo hadi leo."

Khairat aliangalia dirishani ili nisimwone akicheka. Ni kweli. Nilifundisha riba ubaoni miaka thelathini na mitatu, kwa chaki, na nikawachapa walioikosea. Sikuwahi kuliona hilo mpaka leo.

Nikamwambia anieleze tangu mwanzo, bila maneno ya kupamba. Alieleza vizuri. Watu wengi wanachanga, kila mmoja kwa uwezo wake. Fedha inawekwa mahali pa muda mfupi: inakopeshwa Serikali kwa siku tisini na moja, kwa nusu mwaka, kwa mwaka, au inakaa benki kwa muda maalumu. Kinachopatikana kinaongeza thamani ya kila kipande. Anayehitaji fedha yake anauza vipande vyake, siku chache anaipata.

"Hutajiriki, Mwalimu. Lakini hupati presha."

"Hakuna hasara?"

"Hatari ni ndogo. Sikwambii haipo. Ukimwona mtu anayekwambia haipo kabisa, na kwamba fedha yako itakuwa mara mbili kwa mwezi, toka mbio."

Kisha nikasema neno nililokuja nalo: kwamba fedha yangu, hata hii iliyobaki, haikuongezwa na mtu wala kupunguzwa na mtu. Ni ile ile niliyoiweka. Alexander akavua miwani.

"Mwaka 2009 kitumbua kilikuwa shilingi ngapi?"

"Hamsini."

"Leo?"

"Mia mbili."

"Basi kiinua mgongo chako kilikuwa vitumbua laki moja na ishirini elfu. Tuseme noti zile zingekuwa hai. Leo ni vitumbua elfu thelathini. Vitumbua elfu tisini viko wapi? Nani kavila, Mwalimu?"

Nilitafuta kosa katika hesabu yake. Halipo.

Jioni nimefungua shajara yangu ya 2009. Ukurasa wa Novemba. Nimejiandikia mwenyewe, kwa wino wa bluu, kwamba gharama ya Hija mwaka ule ilikuwa 4,900,000. Nami nilikuwa na milioni sita mkononi. Chini yake nimeandika: "Wawili au hakuna. Tutangoja."

Jumatano, 14 Januari 2026

Nimeziomba karatasi za Zuleha. Khairat ameniachia. Nimezisoma mstari kwa mstari, kama daftari la mwanafunzi ninayemtilia shaka.

Kuingiza: elfu ishirini, elfu ishirini, elfu kumi na tano, elfu ishirini. Kila wiki. Lakini mara moja kwa mwaka kuna kuuza. Laki tatu kamili. Tarehe 23 Oktoba 2012. Tarehe 11 Oktoba 2013. Tarehe 1 Oktoba 2014. Tarehe zinarudi nyuma kila mwaka. Nilidhani hakuna mpango. Kisha nikachukua makaratasi ya kaki ya mabunda, nikayapanga mezani.

Ni siku chache kabla ya Idd Kubwa. Kila mwaka. Bila kukosa hata mmoja.

Kanuni yangu tangu 2011 ilikuwa kila mmoja atie laki tatu. Yeye alikuwa akinikabidhi mkononi, noti zimepangwa vichwa upande mmoja kama nilivyopenda. "Hizi za vitumbua, Mwalimu." Nikazipokea, nikazifunga pamoja na zangu, nikazipiga lakiri. Mara kumi na nne. Karibu nusu ya fedha iliyo hai ndani ya kasha langu imetoka kwenye mfuko ule ule nilioufukuza sebuleni.

Na ya mwisho: tarehe 3 Juni 2025. Alikuwa kitandani hospitali, hawezi kushika kikombe. Ameuza akiwa kitandani.

Sasa niandike na lililobaki, kwa kuwa hapa hakuna msomaji mwingine. Tarehe 6 nimeandika kwamba sikulisikia tangazo la noti. Nimeandika uongo. Nililisikia redioni, wiki ya kwanza. Zuleha naye alilisikia. Akaniambia, "Fungua kasha." Nikamjibu fedha ya nia haifunguliwi, na kwamba tangazo lile ni la fedha za dukani. Mwezi wa pili akaniambia tena. Mwishoni mwa Machi mara ya tatu, na sauti ilikwisha kuwa ndogo, ikabidi niiname.

"Nia haikai kwenye karatasi, baba Khairat. Inakaa kwako wewe."

Nikamfunika shuka. Nikamwambia apumzike.

Ijumaa, 16 Januari 2026

Baada ya swala nilibaki na Sheikh Badru. Ana miaka arobaini na miwili, sauti ya chini, haharakishi. Nimempa yote, hata lile la Machi. Akauliza kwanza jambo ambalo sikulitegemea.

"Marehemu alikuwa na uwezo wa kwenda tangu lini?"

Nilikuwa nimelipiga hesabu tayari. Tangu 2024 vipande vyake peke yake vilitosha safari yake. Afya ilikuwa bado nzuri.

"Kwa nini hakwenda?"

Nilisema: kwa sababu nilisema wawili au hakuna.

Sheikh akasema Hija ya Zuleha sasa ni deni juu ya mali yake. Litolewe kabla ya mirathi. Ahijiwe badali. Nikasema vyema, nitamhijia mimi mwenyewe, tena mwaka huu huu, kwa miguu hii hii mibovu. Nilikwisha kuinuka. Akanishika kanzu.

"Mwalimu, wewe hujahiji. Asiyejihijia nafsi yake hamhijii mwenzake."

Nilijua! Nimeisoma mara ngapi sijui. Nimewafundisha wengine. Lakini nilikaa chini kana kwamba nimeisikia leo.

Basi sikuweza kumpeleka akiwa hai, na sasa hata kwa niaba yake siwezi.

Mpwa wake Sheikh, Rahimu, anasoma Madina na alikwisha kuhiji mwaka juzi. Anaweza kumhijia kwa milioni nne. Mtaji wa Zuleha, fedha aliyoitia kwa mikono yake na haikuuzwa, ni milioni nane na nusu. Huo Sheikh hana shaka nao. Ziada, milioni kumi na tatu na nusu, yeye mwenyewe asingeila. Angeitoa kwa manufaa ya watu, vyoo, mitaro, bila kutaraji thawabu. Akaongeza kwamba wapo wanazuoni wasemao mengine, na kwamba thamani ya fedha inapoyeyuka suala linakuwa gumu, atauliza zaidi.

Nikamwuliza: vitumbua elfu tisini. Nani kavila? Akatabasamu, akasema hilo nalo ataliuliza.

Jumapili, 18 Januari 2026

Khairat amekuja na tenga la machungwa na hasira.

"Vyoo vya milioni kumi na tatu, Baba? Watu watavalia suti kuingia."

Nikamkemea. Kisha nikacheka. Sijacheka ndani ya nyumba hii tangu msiba wa Julai. Yeye akalia.

Tumekubaliana ziada ibaki ilipo mpaka Sheikh alete jibu. Milioni nne za Rahimu zitauzwa kesho. Na shamba haliuzwi. Dalali nimempigia mwenyewe.

Jumatano, 21 Januari 2026

Nimekwenda kwa Hatibu, nikamwambia afute jina langu, milioni tisa hazitoshi.

"Mwakani, Mwalimu, inshallah. Itapanda kidogo tu."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Kama kila mwaka."

Anjela alinisindikiza mpaka mlangoni. Jina langu lilikuwa la tano kwenye orodha. Limepigwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula.

Kutoka pale nilikwenda kwa Alexander, na milioni tisa ndani ya mfuko wa kitambaa. Kuna mfuko mwingine wa uwekezaji, mdogo zaidi, usiogusa riba. Fedha yake inanunua sehemu ya majengo na mali zinazokodishwa, na wachangiaji wanagawana kodi. Waraka wake Sheikh Badru ameusoma kurasa zote arobaini. Nami nimeusoma, mara mbili. Nimemwonyesha Alexander makosa saba ya uandishi. Akayaandika.

"Na faida yake si ya uhakika, Mwalimu. Huu unaweza kwenda polepole kuliko ule wa Mama."

Nikamwambia nimezoea polepole. Akanipa fomu. Nikakataa kuijaza palepale. Karatasi niliyoisaini bila kuisoma inatosha moja.

Sasa ni baada ya alasiri. Fomu iko mezani. Khairat yuko jikoni. Amewasha simu kwa sauti kubwa, Rahimu anazungumza kutoka Madina, anataka jina kamili la marehemu na la baba yake, aliandike asije akalisahau siku ya Arafa. Khairat anamtajia, polepole. Rahimu anarudia. Amelitamka sawasawa. Kisha nimemsikia akiuliza, "Na Mwalimu? Yeye anakuja lini?" Khairat amesema subiri nimwulize. Hajaja bado. Namsikia amesimama tu nyuma ya mlango.

Nimejaza jina. Tarehe ya kuzaliwa, 1949. Kazi: mwalimu mstaafu. Mrithi: Khairat. Madhumuni: Hija. Upepo unaingia dirishani, nimeweka bunda la 2009 juu ya fomu isipeperuke. Kwa kazi hiyo milioni sita zinafaa sana.

Imebaki sehemu moja. Inauliza muda ninaokusudia kuwekeza, na inataka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja tu. Chini ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja hadi mitatu. Zaidi ya mitatu.

Nimeisoma mara nne. Swali limeandikwa vizuri, halina kosa lolote.